Nywele Zimerudi, Lakini Nani Kazirudisha?

Anayeligundua baka la kwanza mara nyingi si mwenye kichwa. Ni kinyozi, anayezima mashine ghafla na kuuliza, "Bosi, hapa kuna nini?" Au ni msusi, anayegawa njia za rasta na kukuta duara la ngozi tupu, laini, upana wa sentimita mbili au tatu, ambalo mara ya mwisho halikuwapo. Haliumi, na kwa kawaida haliwashi. Mteja hajainuka kwenye kiti ameshatajiwa dawa tatu: mmoja anamwambia asugue kitunguu maji, mwingine anamtuma duka la dawa akaulizie tyubu ya fangasi, wa tatu anayajua mafuta ya mnyonyo yaliyomponya shemeji yake.

Inawezekana kabisa shemeji alipona. Taabu ni kujua kilichomponya.

Ugonjwa wa mabaka ya namna hii, pale unapokuwa ndio wenyewe, madaktari huuita alopesia areata. Takriban watu 2 katika kila 100 huupata wakati fulani maishani, watoto kwa wazee, kichwani, ndevuni, hata kwenye nyusi. Chanzo chake ni kinga ya mwili kukosea adui. Chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti hukusanyika kuzunguka shina la unywele, kiasi cha milimita 4 chini ya uso wa ngozi, na kulishambulia. Shina haliuawi, linasimamishwa kazi tu. Ndiyo maana kichwa kilichokaa kitupu kwa miaka kinaweza kuota tena, na ndiyo maana wenye mabaka machache, kati ya theluthi moja na nusu yao, hurudiwa na nywele ndani ya mwaka mmoja bila kupaka chochote.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayovuruga ushuhuda wote wa mitaani, na sehemu kubwa ya ushuhuda wa kitaalamu pia. Wape watu kumi wenye baka moja moja majivu ya mkaa, uwaambie wasugue asubuhi na jioni. Mwaka ukiisha, watatu, wanne au watano watakuja kukushukuru. Ongeza na hili: watu hawaanzi dawa siku baka linapoanza. Wanaanza siku wamechoka nalo, yaani limeshafika kikomo cha kutanuka na huenda lilikuwa karibu kuanza kufunga. Chochote walichoshika mkononi wakati huo ndicho kitakachopewa sifa. Basi kuuliza dawa ipi ni kali hakutoshi. La kuuliza ni dawa ipi inazidi kile ambacho mwili ungefanya wenyewe.

Na hata kabla ya hapo, baka lenyewe ni la nini? Mtoto wa shule ya msingi mwenye duara lenye magamba, vidoti vyeusi vya nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, na tezi zilizovimba nyuma ya shingo, huyo karibu kila mara ana mapunye, na mapunye ni fangasi. Binti ambaye nywele zimerudi nyuma kwa mstari mzima kwenye paji na juu ya masikio amefanywa hivyo na mabutu na rasta zilizobanwa miaka nenda miaka rudi, na dawa yake ya kwanza ni kufumua. Vijibaka vidogo vingi vilivyotapakaa kichwa kizima kwa mtu mzima vinaweza kuwa kaswende ya hatua ya pili, na kipimo chake ni cha damu. Ngozi inayong'aa isiyoonyesha tundu la unywele hata moja imeshafanya kovu, na juu ya kovu hakuna cha kupaka kitakachootesha nywele. Alopesia areata ina sura yake: ngozi laini isiyo na magamba, matundu ya nywele bado yapo, na pembezoni mwa baka kuna vinywele vifupi vilivyo vinene juu na vyembamba chini, mfano wa alama ya mshangao. Wakati mwingine kucha nazo zina vishimo vidogo vidogo.

Nasisitiza haya kwa sababu ya bidhaa moja ambayo karibu kila duka la dawa la mtaani Afrika Mashariki linayo: krimu ya mchanganyiko. Ndani ya tyubu moja kuna steroidi, kwa kawaida betamethasoni au klobetasoli. Kuna klotrimazoli ya kuua fangasi. Na kuna antibayotiki, jentamaisini au neomaisini. Muuzaji anaipenda kwa kuwa inamwondolea kazi ya kuamua. Lakini angalia inachofanya kwa mtoto mwenye mapunye. Fangasi wa mapunye wamejichimbia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo klotrimazoli ya kupaka haifiki. Steroidi nayo inatuliza wekundu na muwasho huku ikidhoofisha ulinzi uliokuwa unapambana na fangasi hao. Wiki mbili mama anaona nafuu, kisha baka linatanuka, na safari hii halina tena sura inayotambulika kwa urahisi. Tiba ya mapunye ni ya kumeza. Griseofulvini, dawa ya siku nyingi, humezwa kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, na hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au glasi ya maziwa. Kwa mwenye alopesia areata, tyubu hiyohiyo ina dawa mbili zisizomhusu na moja inayomhusu, mara nyingi kwa nguvu isiyotosha. Nikiambiwa nitaje bidhaa moja ya kuepuka katika habari hii yote, nitaitaja hiyo.

Tuchukulie sasa kwamba fangasi wameshapimwa kwa kukwangua ngozi na kuangaliwa kwenye darubini, hawapo, na baka ni la kinga ya mwili. Zipakwazo zinaanza kushindana hapa, na steroidi ndiyo ya kwanza mlangoni.

Kazi ya steroidi inaeleweka: inawatuliza wale limfosaiti. Kinachowachanganya wanunuzi ni namba kwenye tyubu. Moja imeandikwa haidrokotisoni asilimia 1, nyingine klobetasoli asilimia 0.05, na mtu mwenye akili timamu atadhani ya kwanza ndiyo kali. Ni kinyume chake kabisa. Asilimia inaeleza wingi wa dawa ndani ya krimu, haielezi ukali wa dawa yenyewe, na klobetasoli huizidi haidrokotisoni mara mamia. Huko Toronto, Kanada, madaktari waliziweka hizi mbili uso kwa uso kwa watoto 41 wa miaka 2 hadi 16, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Watoto walipaka wiki 6, wakapumzika wiki 6, wakarudia, hadi zikatimia wiki 24. Waliopaka klobetasoli, 17 kati ya 20 walikuwa na upara uliopungua kwa nusu au zaidi. Waliopaka haidrokotisoni walikuwa 7 kati ya 21.

Namba ya pili isipite hivihivi. Saba kati ya 21 ni theluthi, yaani ileile theluthi ambayo ingerudiwa na nywele bila dawa. Haidrokotisoni haikuwadhuru watoto wale, lakini hakuna ushahidi kwamba iliwasaidia pia. Kama jaribio lisingekuwa na kundi la pili, mtu angeweza kusimama jukwaani akatangaza kwamba haidrokotisoni inaponya theluthi ya watoto, na asingekuwa amedanganya namba yoyote.

Klobetasoli si dawa ngeni kwetu. Ni mojawapo ya vitu vinavyoingizwa kwenye mkorogo wa kujichubua, na aliyeona ngozi ya mtu aliyeuzoea mkorogo, nyembamba hadi mishipa inaonekana, anajua steroidi kali inafika wapi ikipakwa bila kikomo. Ngozi ya kichwa hufyonza dawa hizi zaidi ya ngozi ya mkono. Hiyo ndiyo sababu ya zile wiki za kupumzika kule Toronto, na hata kwa utaratibu ule mtoto mmoja ngozi ilianza kukonda, ikarudi baadaye. Kupaka kwa vipindi, mahali pa baka tu, kwa miezi mitatu hadi sita, halafu kuacha kama hakuna kinachoota: hayo ndiyo matumizi. Kupaka mwaka mzima kwa matumaini ni jambo jingine.

Kwa mtu aliyepoteza nywele zote, klobetasoli inashuka hadhi. Wataliano walifanya jambo la werevu katika utafiti wa mwaka 2003 kwa wagonjwa 28 waliokuwa na vichwa vitupu kabisa: waliwapaka upande wa kulia tu, wakafunika kwa plastiki usiku, siku 6 za wiki, miezi 6. Wanane waliota nywele, na baadhi yao zikapukutika tena.

Mbinu hiyo ya nusu kichwa inafaa ieleweke, kwani ndiyo jibu safi kuliko yote kwa swali letu. Kichwa cha mtu mmoja kina damu ileile, kinga ileile, msongo uleule wa mawazo, chakula kilekile. Ukipaka kulia na kuacha kushoto, kisha kulia kukaota na kushoto kukabaki kutupu, hakuna tena nafasi ya kusema zilirudi zenyewe. Pande zote mbili zikiota pamoja, dawa yako haina cha kudai.

Mbinu hii ilipata umaarufu mkubwa kwa dawa ya ajabu kidogo, difensiproni, iliyoingizwa katika tiba hii mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haitulizi kinga, bali inaichokoza. Daktari hupaka mmumunyo wa asilimia 2 kwenye eneo dogo la kichwa ili mwili uuchukie. Baada ya wiki mbili huanza tena na mmumunyo hafifu kabisa, asilimia 0.001, akiuongeza wiki hadi wiki mpaka ngozi iwe nyekundu na iwashe kwa siku moja na nusu hivi. Mgonjwa hukaa nao saa 48 bila kuosha, kichwa kimefunikwa kisipigwe na jua, maana mwanga huiharibu dawa. Hata chupa yake ni ya rangi ya kahawia. Wanaoielewa wanadhani mzio huu wa kutengenezwa huwavuruga limfosaiti wakaliacha shina la unywele. Nusu ya kichwa hupakwa kwanza, na nusu ya pili huongezwa baada ya upande wa kwanza kuota. Kwa jumla ya tafiti, takriban theluthi mbili ya wagonjwa huota nywele kiasi fulani, na theluthi hivi huota zote. Ni matokeo mazuri kwa wenye upara mkubwa. Gharama yake ni ngozi kututumka malengelenge, tezi za shingo kuvimba, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi hatari ya kubaki na mabaka meupe au meusi yanayoonekana kuliko ule upara. Si dawa ya kununua na kwenda nayo nyumbani. Inahitaji kliniki yenye mtu aliyezoea kuitumia, na kliniki za namna hiyo kwetu ni za kuhesabu.

Minoksidili ina hadithi nyingine. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, kikaidhinishwa Marekani mwaka 1979, na wagonjwa wakaanza kuota nywele mashavuni na mikononi. Kampuni iliyoitengeneza haikuiacha bahati hiyo ipite: mwaka 1988 ilikuja chupa ya kupaka kichwani kwa ajili ya upara wa kurithi wa wanaume. Kwa alopesia areata haigusi kabisa chanzo, maana haina ubishi na kinga ya mwili. Inachofanya ni kulisukuma shina lililo tayari kufanya kazi lifanye zaidi. Katika utafiti mmoja wa miaka ya 1980, asilimia 81 ya waliotumia yenye nguvu ya asilimia 5 waliota nywele, dhidi ya asilimia 38 ya waliotumia ya asilimia 1. Mtu akisoma hapo akaacha, anakimbilia dukani. Lakini kuota nywele katika tafiti hizi maana yake ni chochote kinachoonekana, hata vimanyoya. Waliopata nywele za kutembea nazo bila kofia walikuwa wachache tu. Minoksidili naiona kuwa msaidizi wa steroidi, si mbadala wake. Anayeitumia anawe mikono, maana nywele huota kokote inakogusa, na asimwache mtoto mchanga alale kichwani pake. Mwenye paka nyumbani achukue tahadhari ya pekee: dawa hii inaweza kumuua paka hata kwa kiasi kidogo anacholamba.

Ditranoli, dawa ya zamani ya soriasisi, hupakwa nusu saa na kuoshwa. Inawasha, na inaacha madoa ya kahawia kwenye foronya, shati na ngozi. Inafanya kazi kwa baadhi ya watu, ushahidi wake ni mwembamba, na sijui ni nani angeianza leo angali na chaguo jingine.

Na kitunguu? Kisidharauliwe kabla ya kusikilizwa. Mwaka 2002 madaktari wa Baghdad walichapisha utafiti wa watu 38. Waliopaka maji ya kitunguu mara mbili kwa siku, 20 kati ya 23 waliota nywele ndani ya wiki 6. Waliopaka maji ya bomba, 2 kati ya 15. Tofauti ni kubwa, na ndiyo iliyokitawanya kitunguu duniani kote. Tatizo ni kwamba maji ya bomba hayanuki. Kila mgonjwa alijua yuko kundi gani, na kila aliyemkaribia kupima alijua pia. Tena hayo matokeo ya kitunguu yanaizidi klobetasoli ya Toronto, jambo ambalo linapaswa kumfanya msomaji akunje uso badala ya kushangilia. Huenda kitunguu kinachokoza ngozi kidogo kama ile difensiproni, kwa njia ya jikoni. Huenda pia hakifanyi lolote. Wataalamu wa Aberdeen, Uskochi, walifanya vizuri zaidi mwaka 1998 na mafuta ya rozmari, lavenda, thaimu na mwerezi: makundi yote mawili yalichua kichwa kila siku kwa mafuta, ila kundi moja halikuwa na vile viungo vinne. Baada ya miezi 7, 19 kati ya 43 walikuwa na nafuu, dhidi ya 6 kati ya 41. Hapo kuna kitu, japo nusu na zaidi ya waliopaka hawakupata chochote.

Mwaka 2008 wahakiki wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 17 ya tiba za ugonjwa huu, yenye watu 540 kwa jumla. Hawakuona hata tiba moja iliyothibitishwa kuwa na faida ya kudumu, na wakasema waziwazi kwamba kwa wengine, kusubiri bila dawa ni uamuzi halali. Tangu hapo habari kubwa imetoka kwenye vidonge: baritisinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watu wazima wenye upara mkubwa, na ritlesitinibu mwaka 2023 kuanzia umri wa miaka 12. Watu wakauliza mara moja kama zinaweza kufanywa krimu. Dawa ya ukoo huohuo, ruksolitinibu, ilijaribiwa hivyo, matokeo yakatoka mwaka 2020: krimu yenye dawa na krimu tupu hazikutofautiana. Zile milimita 4 za ngozi si mbali kwa macho, lakini kwa krimu ni safari.

Ndiyo maana kwa mtu mzima mwenye baka moja hadi matatu, madaktari wengi wa ngozi huachana na kupaka na kushika sindano. Triamsinoloni huchomwa kwa sindano nyembamba palepale ilipo shida, vitone vilivyoachana kwa sentimita moja hivi, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Inauma kidogo, inaweza kuacha kishimo au weupe wa muda, na kwa baka dogo ndiyo ningeichagua kama ni kichwa changu. Kwa mtoto, ambaye hatakubali sindano kumi za kichwani, klobetasoli kwa vipindi inashika nafasi ya kwanza, fangasi wakishaondolewa shakani. Kwa mwenye baka dogo lisilotanuka na asiyekuwa na haraka, kusubiri miezi sita si uzembe.

Ukiamua kwenda kliniki ya ngozi, mambo mawili. Beba kila tyubu na chupa uliyokwisha tumia, hata ile ya mafuta isiyo na lebo, kwa sababu steroidi hubadilisha sura ya baka na dawa ya fangasi huweza kuficha fangasi kwenye kipimo. Na usinyoe kipara kabla ya kwenda. Vile vinywele vifupi vya pembezoni ndivyo daktari anavyovitafuta.